Wadogo Kwanza

Mwalimu Ndunge Mbaluka amefunga shule kabla ya saa zake mara moja tu katika miaka kumi na minne ya kuwa mwalimu mkuu, na mara hiyo moja imemzeesha kuliko miaka yote kumi na minne. Ukimwona leo sokoni Kanyangi akichagua nyanya moja moja, kimya, hutaamini kwamba huyu ndiye yule mama ambaye wazazi walikuwa wakimtania kwamba siku ya kiyama itamkuta akipiga kengele ya asubuhi, na malaika watalazimika kupanga mstari kwanza.

Alizaliwa upande wa Mutomo, mtoto wa sita katika nyumba ya watoto tisa, na kati ya hao tisa ni watatu tu waliopata kukalia dawati. Baba yake alikuwa mtu wa mbuzi wengi na maneno machache. Siku aliyokubali Ndunge aache kuchunga aende shule, alisema kwamba mbuzi akipotea hufuatwa porini, lakini mwaka wa shule ukipotea haufuatiki. Ndunge aliyashika maneno hayo kama wenzake walivyoshika aya za Biblia. Akasoma, akawa mwalimu, akafundisha Makueni miaka kumi na mitatu, akaolewa na dereva wa lori, akazaa wavulana wawili, akafiwa na mume. Jumatatu iliyofuata mazishi alikuwa mbele ya darasa na chaki mkononi. Wakwe walinung'unika sana. Yeye aliwajibu kwamba watoto wa watu hawakumwua mume wake, basi kwa nini wao ndio wakose kusoma.

Huyo ndiye aliyeletwa kuwa mkuu wa shule ya msingi ya Kavuluni, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka soko la Kanyangi. Alikuta jengo moja la tofali za kuchomwa, lenye paa la mabati juu ya boriti ambazo mchwa walizijua vizuri kuliko wakaguzi wa serikali. Yeye na wazazi wakabeba mawe na mchanga mpaka wakapata jengo la pili, la mawe, imara, ambalo walipewa wanafunzi wakubwa kwa sababu ya mitihani. Wadogo wa gredi ya kwanza hadi ya tatu walibaki katika lile la zamani. Kila mwaka alipeleka barua akiomba paa jipya, na kila mwaka alijibiwa kwamba ombi lake limepokelewa. Sijui ni nani aliyewafundisha watu wa ofisini kwamba kupokea barua ni kazi iliyokamilika.

Hakupenda kufunga shule, na sababu yake haikuwa ukaidi. Ilikuwa jikoni. Saa nne watoto walikunywa uji, saa saba wakala muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa maganda yakatoka, yakapikwa na maharagwe. Ndunge alijua nyumba ambazo, mvua ikikosa misimu miwili, hakuna sufuria nyingine iliyowekwa jikoni siku nzima. Kwake kumrudisha mtoto nyumbani saa tano asubuhi ilikuwa sawa na kumpokonya sahani. Walimu wenzake walipolalamika juu ya joto, nzige au mgomo wa matatu, aliwauliza swali lile lile: na watakula wapi?

Jambo lingine alilolianzisha lilikuwa la utui. Utui ni ujirani, zile nyumba zinazosikiana mtu akipiga ukemi, na watoto wa Kavuluni walitoka katika tui nne. Njia ya tui mbili ilikata mto wa mchanga, ambao huwa mkavu miezi tisa, kisha siku moja mvua inyeshe mbali huko milimani, maji yaje bila kubisha hodi. Mwaka wake wa kwanza alisikia habari za mtoto wa shule jirani aliyechukuliwa na maji hayo. Tangu siku hiyo, kila jioni, kabla ya mtu kutoka langoni, wanafunzi walipangwa kwa utui, si kwa darasa. Kila mdogo aliwekwa katika mkono wa mkubwa wake, dada au kaka au mtoto wa jirani, na mkubwa akaulizwa jina la aliyemshika. Hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mchanga bila mkubwa wake. Ndunge aliwaimbisha wanafunzi sheria hiyo, akawaambia wazazi wairudie nyumbani, nao wakairudia. Miaka kumi na mitatu hakupotea mtoto.

Miongoni mwa walioshikana mikono hivyo walikuwa wasichana wawili wa Wayua, mjane mchanga aliyeishi ng'ambo ya mto. Nduku alikuwa gredi ya sita, mrefu, mwenye kujibu kwa haraka. Kalondu alikuwa gredi ya pili, na umri wake miaka saba. Mwalimu wake alimsifu kwa jambo moja: akiambiwa kaa, hukaa mpaka aambiwe ondoka. Siku moja alisahauliwa kwenye kona ya darasa wakati wa mchezo, akakutwa kipindi cha pili bado amesimama pale, mikono nyuma. Walimu walicheka sana siku hiyo.

Upepo ulikuja Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Sisi wa huku tunaujua upepo wa Oktoba, unaokausha midomo na kujaza vumbi ndani ya chai, lakini ule wa mwaka jana ulikuwa na nia mbaya. Saa kumi na mbili asubuhi ujumbe uliingia kwenye simu za walimu wakuu: upepo mkali unatarajiwa, na kila mkuu atumie busara yake kuamua kama shule ifungwe au isifungwe. Ndunge aliusoma mara tatu akitafuta amri ndani yake, hakuiona. Neno busara ni tamu mdomoni mwa mkubwa. Mambo yakienda vizuri, ofisi ilitoa mwongozo. Yakienda vibaya, mkuu wa shule hakuwa na busara.

Saa tatu kifuniko cha tangi la maji kilikuwa kimeshapaa na kutua katika shamba la watu. Saa tatu u nusu mabati ya jengo la zamani yalianza kupiga, upande mmoja ukiinuka na kurudi, na vumbi la mchwa likawadondokea watoto vichwani. Naibu wake, Mwalimu Githaiga, mtu wa Nyeri aliyekuwa ameizoea Kavuluni mpaka akawa anaota kwa Kikamba, alikuja ofisini akasema paa lile halitafika jioni. Ndunge akampigia simu mwenyekiti wa halmashauri ya shule, Mzee Nzomo. Mzee akasema upepo ni upepo tu, muthokoi umeshawekwa motoni, na mitihani ya gredi ya sita imebaki wiki mbili. Tena mwaka uliotangulia shule moja ilifunga kwa sababu kama hiyo, jua likawaka, mkuu akaandikiwa barua ya kujieleza. Mwamuzi ni wewe, Mwalimu, alimalizia, kisha akakata.

Alisimama mlangoni karibu nusu saa. Nusu saa hiyo ameniambia mwenyewe ilivyokuwa. Aliwaza kuwahamishia wadogo katika jengo la mawe, lakini halikuwatosha hata kwa kusimama. Aliwaza sufuria. Aliwaza baba yake na mbuzi. Kisha bati moja likang'oka upande mmoja, likapigwa na upepo kama mlango usiofungwa, na watoto wa gredi ya kwanza wakaanza kulia wote kwa pamoja. Akaamua. Alimwambia Githaiga wadogo watolewe wote, mara moja, waende nyumbani kabla upepo haujazidi. Wakubwa wangebaki ndani ya jengo la mawe mpaka upepo utulie, wale chakula, kisha nao waende.

Githaiga alikuwa ameshageuka kwenda, akasimama.

"Madam, tunawaachilia kwa utui ama kwa darasa?"

"Kwa darasa," Ndunge akajibu. "Wadogo kwanza."

Maneno manne. Yalitoka kwa huruma, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa huruma, lakini ndiyo maneno yaliyovunja sheria yake mwenyewe. Mdogo ambaye kila siku alitoka akiwa katika mkono wa mkubwa, siku ile alitoka mikono mitupu, na mkono wake ukabaki nyuma ndani ya darasa la mawe ukingoja chakula. Githaiga hakubisha. Kwao huko kila shule huachilia wadogo mbele, na hata hapa, nani angeona kosa katika hilo? Watoto sitini na wanne wakatoka langoni, wamejifunika nyuso kwa sweta.

Dakika ishirini hazikuisha. Ulivuma upepo mmoja mrefu, na paa la jengo la zamani likainuka zima zima, likakaa hewani muda wa mtu kuvuta pumzi, likaanguka uwanjani. Boriti tatu ziliangukia ndani. Moja ilivunja dawati la pili kutoka dirishani katika darasa la gredi ya pili, na hilo ndilo lilikuwa dawati la Kalondu. Githaiga aliingia, akaliona, akatoka ameshika kichwa. Alimwambia Ndunge kwamba amewaokoa watoto wa watu. Ndunge alipiga magoti palepale katika vumbi na kumshukuru Mungu kwa sauti, yeye ambaye hata kanisani huomba kimya. Mpishi aliyeacha sufuria yake akaja akamkumbatia. Kwa muda wa saa karibu tatu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika kata ile, na nadhani saa hizo ndizo zinazomuuma zaidi akizikumbuka.

Saa saba upepo ulipopungua, wakubwa walipangwa kwa utui, wakaachiliwa. Nduku alitangulia mbio.

Kabla ya kufika mtoni kulikuwa na kanisa lililokuwa likijengwa. Kuta zilikuwa zimefika kimo cha mtu na zaidi, bila lenta, ule ukanda wa zege unaofunga tofali kwa juu, bila paa, zikingoja mchango wa Desemba. Kalondu alikuwa amefika pale na wenzake wawili wa utui wao. Hao wawili walivuka. Baadaye walisimulia kwamba walimwita, wakamwambia twende, nyumbani ni pale tu, na yeye akakataa. Alisema ameambiwa asivuke mpaka Nduku aje. Kwa kuwa upepo ulimjaza mchanga machoni, alienda akaketi nyuma ya ukuta, upande usiofikiwa na upepo, magoti kifuani. Hapo ndipo ukuta ulipomwangukia.

Nduku alikuta tofali chini na kandambili moja. Alichimbua kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, wakafika wakubwa wengine, wakachimbua pamoja. Mmoja alirudi shuleni akikimbia, akamwambia Ndunge aje. Ndunge alienda kwa miguu yake mwenyewe na kiatu kimoja, kingine hajui kilibaki wapi. Alifika, akapiga magoti kwa mara ya pili siku ile, na mara hii hakuwa na la kumwambia Mungu.

Watu wetu ni wema katika msiba, na wema huo wakati mwingine ni mzigo mzito kuliko matusi. Siku ya mazishi waombolezaji walijaa uwanja wa Wayua. Mchungaji alisema ni mpango wa Mungu. Mzee Nzomo alichukua kipaza sauti, yule yule wa upepo ni upepo tu, akaeleza jinsi halmashauri ilivyomshauri mwalimu mkuu afunge shule mapema, na jinsi watoto sitini na watatu walivyo hai leo. Watu wakapiga makofi, makofi mazikoni. Ndunge aliinuka kusema. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyewatenganisha watoto na wakubwa wao, kwamba wangetoka kwa utui wangefika wote sitini na wanne, Kalondu akiwa katika mkono wa Nduku. Alifika kwenye "mimi ndiye" sauti ikakatika. Wamama wawili wakamshika, wakamkalisha, wakamwambia pole Mwalimu, usijitese. Waliokuwa nyuma walielewa kwamba analia kwa unyenyekevu.

Wiki tatu baadaye ilikuja barua kutoka ofisini ikimpongeza kwa busara aliyoionyesha. Mara hii hawakuchelewa kuandika. Aliiweka chini ya rundo la barua za kuomba paa, na aliponionyesha aliniomba nisiisome kwa sauti.

Alikuwa akitafuta mtu mmoja tu wa kumwambia umekosa, na katika kata nzima hakumpata. Githaiga alisema walikosea wote wawili, tena yeye ndiye aliyeuliza na kunyamaza, lakini hilo halikumsaidia. Katika somo la Kiswahili Ndunge alikuwa akipenda kuwakaririsha wadogo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaacha kuwakaririsha. Methali haisemi lolote juu ya mtoto anayesikia.

Mvua ilipokuja, Novemba, alianza kwenda kwa Wayua. Mara ya kwanza alienda na wamama wa mwethya, wale wanaosaidiana kulima kwa zamu, wakampandia ndengu na kunde. Mara ya pili alienda peke yake, Jumamosi, na jembe begani. Wayua hakumuuliza alichofuata. Alimwonyesha mstari wa kupalilia, wakainama wote wawili, mmoja huku na mwingine huku, mpaka wakafika katikati ya shamba.

Hapo Ndunge alisema. Hakujitetea. Alieleza swali la Githaiga na jibu lake, akaeleza kwamba sheria ilikuwa yake na aliyeivunja ni yeye. Alisema Nduku hana kosa, aliwekwa ndani na mwalimu wake. Akamaliza, akabaki ameinama, kwa sababu hakuweza kunyooka.

Wayua aliendelea kupalilia hatua tatu, nne. Ndunge alidhani atafukuzwa, na ameniambia kwamba angefurahi.

"Mimi nilimwambia asivuke bila Nduku," Wayua akasema. "Wewe ukamwambia aende. Yeye alitusikia wote wawili, Mwalimu. Alienda, na akangoja."

Kisha akamwambia wamalize ule mstari, maana mawingu yalikuwa yanarudi. Wakaumaliza. Wayua alimpa uji, Ndunge akanywa, akaenda zake. Alilia njia nzima mpaka Kavuluni, na waliokutana naye walimwamkia wakapita.

Nduku alifanya mtihani wake na kufaulu. Sasa yuko sekondari ya msingi, huko huko Kavuluni, lakini hupita njia ya juu, inayozunguka nusu saa zaidi, ili asilione lile kanisa. Wanakanisa wamelijenga upya na kuweka lenta. Jengo la zamani la shule nalo lina paa jipya, lililoletwa miezi miwili tu baada ya msiba, na siku ya kulizindua Ndunge alisema anaumwa.

Walidhani ataacha kazi. Yeye mwenyewe alidhani hivyo. Aliandika barua ya kustaafu mapema, akaiweka mezani mwezi mzima. Hakuipeleka. Aliniambia si ushujaa, ni kwamba nyumbani ukimya ulikuwa mkubwa kuliko shuleni.

Januari, siku ya kuandikisha watoto wapya, wazazi walipanga foleni mlangoni pa ofisi yake. Wa saba alikuwa Wayua. Alikuwa ameshika mkono wa mtoto wake wa mwisho, kitinda mimba aliyezaliwa baba yake akiwa tayari mgonjwa, msichana wa miaka mitano, kichwa kimenyolewa, sweta ya shule imemzidi mikono. Ndunge hakuwa amemtarajia. Alikuwa amesikia Wayua atampeleka kwa shangazi yake Kitui mjini asome huko, na moyoni alikuwa ameona ni haki yake. Aliuliza jina, akaandika. Aliuliza tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Alipofika kwenye utui kalamu ilisita, akaandika.

Wayua alimsubiri amalize. Hakukuwa na hasira usoni pake, na alizungumza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mwalimu kwamba mtoto ana pumu au hali mayai.

"Huyu sikumfundisha kungoja mtu, Mwalimu. Nimekuletea ujue. Upepo ukija, huyu atakimbia tu, na hatauliza."

Ndunge alitaka kumjibu kwamba hatamwachilia peke yake, kamwe, hata mbingu zishuke. Lakini alijua ni ahadi ile ile aliyowahi kuitoa, mbele ya wazazi hao hao, na ikasikiwa. Alisema asante tu. Wayua aliitikia, akamwachia mkono yule mtoto, akatoka. Mtoto hakulia. Aliangalia huku na huku, kisha akamfuata mama yake mbio mpaka langoni, na Mwalimu Ndunge, aliyewafundisha watoto kusikia miaka ishirini na saba, alikaa kitini pake akashindwa kumwita arudi.